Kiko cha Maji cha Mama Hassan

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za kabati la asidi, nikatia sahihi mahali nilipoonyeshwa, nikapewa saa ya ukutani yenye picha ya mlima. Saa yenyewe inachelewa. Vijana wa karakana wameniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau, na kwa kuwa wameomba kwa adabu, nitaandika. Ya vyeo na mishahara nayaacha. Yangu yalikuwa mafupi na ya wengine hayanihusu.

Karakana yetu ya wakati huo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya vifaa vya shule, hapa Nyeri. Paa la mabati, meza ndefu iliyoungua kila mahali, mitungi miwili ya gesi na gurudumu la kusagia lililoendeshwa kwa mguu. Shule zilituletea vioo vya maabara vilivyoharibika, kutoka Kangema, Kutus, Kiganjo, mpaka Nanyuki, vikiwa vimezikwa ndani ya masanduku ya vumbi la mbao. Chupa zilizokatika shingo, bomba zilizogoma kufunguka, vizibo vilivyopotea. Miaka ile ya tisini shule haikununua kioo kipya kama cha zamani kingeweza kuungwa, kwa hivyo tuliunga.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vyenye visigino. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Githinji, mtu mwembamba aliyevaa dastikoti ya kijani na kuongea kana kwamba maneno yanatozwa ushuru. Alitazama viatu. Aliniwekea mezani kreti ya chupa na kreti nyingine ya vizibo vyake. Wanafunzi wa shule fulani ya Kangema walikuwa wameviosha vyote pamoja, kisha kila mmoja akaziba chupa yoyote aliyoiona.

"Kila moja irudi kwa mwenyewe," Githinji akasema.

Nikaomba kalipa, kile chombo cha kupimia upana.

"Kalipa ni ya watu wanajua. Wewe anza na mkono."

Kizibo unakiweka mdomoni mwa chupa, unakigusa kwa kidole kimoja. Kikigonga, si chake. Unakizungusha; kikikwaruza, si chake. Kikitulia na kushika bila kelele, umepata. Siku ya tatu nilibaki na chupa mbili na vizibo viwili visivyokubaliana kwa vyovyote. Nilihangaika navyo mpaka machozi yakakaribia. Githinji akaniambia, "Hizo zilikuja vile," akaenda kunywa chai. Alikuwa anajua tangu Jumatatu.

Baadaye alinipa kalipa na kunifundisha namba. Viungo vya vioo vilivyosagwa vinatengenezwa kwa saizi maalumu: kumi na nne, kumi na tisa, ishirini na nne, hizo ni milimita za upana pale juu palipo papana. Kuteremka chini kiungo kinakuwa chembamba kidogo kidogo, milimita moja kwa kila kumi. Ukichanganya saizi, kitu kitavuja au kitakwama. Watu hudhani kuvuja ndiyo aibu kubwa. Mimi pia nilidhani hivyo, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Alinifundisha pia baridi. Julai ya Nyeri si mchezo. Kioo kilicholala kwenye baridi ukikikimbiza kwenye moto kitakupasukia usoni. Kwa hivyo asubuhi tulipanga vioo kando ya jiko la makaa, navyo vikaota moto kabla yetu. Na alikuwa na usemi wake mmoja, ambao aliurudia kila nilipochukua tupa: kioo kikikatwa hakioti tena.

Nilikuwa na miaka kadhaa kazini, na kichwa kilikuwa kimeanza kuvimba, Mzee Adan alipoingia mlangoni. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, mrefu, kofia nyeupe, fimbo mkononi, na kiondo kilichojaa nyasi kavu. Mwalimu mmoja aliyenunua mbuzi kwake ndiye aliyemwelekeza kwetu.

"Nimeambiwa hapa iko watu ya kushona glasi," akasema.

Akatoa nyasi taratibu, akatoa kitu cha kioo cha kijani: tumbo la mviringo, shingo, na tundu la pembeni lenye mpira mrefu wa kuvutia. Githinji akasogea kukitazama.

"Ni ya dawa?"

"Ni kiko ya maji. Ya mama watoto."

Githinji akarudi nyuma hatua mbili. "Mzee, mimi nimeokoka. Hiyo kitu siwezi gusa. Wangeci hapa ni Mkatoliki, yeye atagusa."

Basi nikagusa. Kilichokosekana ni sehemu ya juu, ile inayowekwa tumbako na kaa la moto. Kwa Kiswahili chenyewe inaitwa bori. Mzee Adan aliiita kikombe, na Githinji, kwa siku zote zilizofuata, aliiita hiyo maneno. Bori lina mguu unaokaa shingoni, na chini ya mguu kuna mrija unaoshuka mpaka ndani ya maji. Ukivuta mpira, moshi unapita majini na maji yanaguguma. Mwanambuzi alikuwa amelipiga teke bori, mbuzi wengine wakalikanyaga. Mzee Adan alikuwa ameokoa kipande cha mrija tu, akakifunga kwa gazeti.

"Si ununue kingine Mombasa?" nikamuuliza. Nilikuwa na kazi nyingi siku hiyo, na sikuuliza kwa upole.

Akavuta stuli akaketi. Akaniambia kwamba walikuwa na mtoto mmoja tu, Hassan, aliyekwenda Uarabuni kuendesha malori. Alirudi likizo mara moja, mwezi mmoja, na kiko hiki mkononi. Kila alasiri alikaa na mama yake kibarazani wakipokezana mpira, na mama hakuacha kumuuliza kama amekula. Kisha akarudi kazini, akafa barabarani huko, akazikwa huko. Mama yake hajaona kaburi.

"Na sasa macho imeenda," Mzee Adan akasema. "Iko na mtoto wa jicho, zote mbili. Picha ya kijana haoni. Hii anasikia."

Nilikivuta kiko karibu nikaanza kupima.

Tumboni kulikuwa na mstari mwekundu wa rangi ya kucha. Hassan ndiye aliyeuchora, kuonyesha maji yafike wapi. Urefu wa mrija niliupata kwenye kile kipande, nikauandika daftarini. Shida ilikuwa shingo. Kalipa ilisema milimita kumi na nane na kitu. Si saizi yoyote ninayoijua. Kumi na nne ingetumbukia ndani na kuchezacheza. Kumi na tisa ilikataa kwa upana wa unywele.

Mchagua jembe si mkulima, lakini mimi nilichagua. Nilichukua mguu wa kumi na tisa, wa kioo kigumu cha maabara, kile kinachovumilia moto. Juu nikaunga kichwa cha faneli ya zamani, nikakibana chini kibaki na kijitundu, na kwa upande wa pili nikaunga mrija. Kisha nikausaga mguu ndani ya shingo ileile ya kiko, kwa unga laini na maji, nikizungusha kidogo kidogo siku mbili nzima, mpaka hewa ikakosa pa kupita.

Mzee Adan alipokuja kuchukua, nilifanya maringo. Nilishika bori peke yake nikanyanyua, na kiko chote kikapanda nalo hewani, kisidondoke. Githinji aliona kutoka upande wake wa meza.

"Mmh," akasema.

Mzee Adan alitazama pale pa kuungania. "Hassan alikuwa anafunga kitambaa hapa. Kidogo, hivi, anazungusha."

"Mzee, kitambaa ni ya watu hawana kalipa," nikamjibu.

Akacheka. Nami nikacheka. Nimelikumbuka jibu hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Baada ya wiki moja alirudi na kiondo kilekile. Alikitua mezani kwa uangalifu uleule, lakini uso wake ulikuwa umeanguka. Shingo ya kiko ilikuwa na ufa uliotoka mdomoni ukateremka vidole viwili.

"Mara ya kwanza ilikuwa mzuri kabisa," akasema. "Mama alisema ni yenyewe. Tukaweka chini, tukaenda kuswali, tukasikia ta! Fundi, labda mimi niliweka makaa mingi. Ni mimi."

Hapo, vijana, ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Mteja mwenyewe amejilaumu. Unatikisa kichwa kwa huruma, unasema makaa ni mabaya, mambo yanaisha. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Githinji akaja. Kwa mara ya kwanza alikishika kile kiko, akakielekeza dirishani, akafuata ufa kwa ukucha.

"Imepasuka ikipoa," akasema. Kisha kwa Kikuyu, ili mgeni asisikie, akaniuliza ni nani aliyesaga.

"Ni mimi."

"Haya," akasema, akaenda kunawa mikono kwa sabuni. Afadhali angenitukana.

Nilijua alichokiona. Kiko kilikuwa cha kioo cha kawaida, cha chupa na vikombe, ambacho kikipata joto hutanuka sana. Mguu wangu ulikuwa wa kioo kigumu, ambacho hakitanuki sana. Kaa lilipowaka, shingo ilipanuka na mguu ukazama ndani zaidi. Kaa lilipozima, shingo ikataka kurudi saizi yake, ikaukuta mguu umejaa pale bila nafasi. Ingekuwa na kitambaa katikati, kitambaa kingebonyea. Kijana wa malori alilijua jambo hilo, na mimi mwenye kalipa nililicheka. Mdharau mwiba mguu huota tende.

"Mzee Adan," nikamwambia, "si makaa. Ni mimi. Nilikaza sana, na kitambaa uliniambia."

Akapapasa ufa kwa kidole. Hakupandisha sauti.

"Inashoneka?"

"Haishoneki. Ufa wa kioo hiki ukiupeleka motoni unakimbia. Ninaweza kukata shingo chini ya ufa, ibaki fupi, halafu nitengeneze kikombe kingine."

"Na ukikata, ikipasuka yote?"

"Ikipasuka yote, imeisha."

Akafikiri. "Kata. Lakini ukimaliza, utaleta mwenyewe. Utamwambia mama vile umeniambia. Mimi siwezi kubeba hiyo maneno mpaka Nanyuki."

Kukata kulinichukua asubuhi moja. Unachora mstari kwa tupa kuzunguka shingo, unaulowesha kidogo, unagusisha ncha ya kijiti cha kioo chenye moto, ufa unaanza. Unausindikiza kwa moto mahali unapotaka uende, ukiomba usiwe na mawazo yake. Niliomba kwelikweli. Githinji alizima redio bila kuambiwa. Shingo ikatoka kama pete.

Safari hii nilichukua mguu wa namba kumi na nne, mdogo kwa makusudi, nikaufunga utepe wa pamba, mizunguko mitatu. Unaingia kwa ulaini, unashika, ukiuvuta unatoka. Kichwa kingine cha faneli, na mrija wenye urefu uleule niliouandika daftarini. Niliona nimekuwa mwangalifu sana.

Nikaenda Nanyuki Jumamosi, kiko mapajani. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, nyuma ya msikiti, na kibaraza kilichoelekea mlimani. Mama Hassan alikuwa kwenye mkeka, mwanamke mdogo wa umbo, shela ya bluu, macho meupe kama maziwa. Nikampa mkono.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye fundi wa Nyeri."

"Marahaba, binti yangu. Mkono yako iko baridi. Adan, mpe chai."

Sikutaka kunywa chai ya mtu kabla hajajua. Nikamweleza pale pale: kitambaa, kukaza, ufa, kukata. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akanyoosha mikono, nikamwekea kiko. Akapapasa tumbo, akapanda juu, vidole vikafika mahali shingo ilipozoea kuendelea na sasa haikuwepo. Vikasimama hapo. Nilitamani ardhi inimeze.

"Umeikata sana," akasema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Akamwambia mumewe alete maji. Mzee Adan akamimina mpaka kwenye mstari mwekundu, mimi nikakalisha bori, bila tumbako, bila kaa. Mama akaweka mpira mdomoni akavuta.

Maji yalitoa sauti nzito, ya chini, polepole. Akavuta tena, kisha akautoa mpira mdomoni akauweka chini.

"Si yeye," akasema. "Hii ni mtu mwingine."

Mzee Adan akageuka akatazama mbuzi zake. Mimi nilibaki nimepiga magoti, na ndipo hesabu iliponijia: shingo ilikuwa fupi kwa vidole viwili, lakini mrija nilikuwa nimeutengeneza kwa urefu wa zamani kwa sababu ndivyo daftari lilivyosema. Mdomo wa mrija ulikuwa umezama majini vidole viwili zaidi ya pale Hassan alipouacha.

"Tupunguze maji," Mzee Adan akasema.

"Hapana," Mama Hassan akasema. "Maji ni kwa mstari. Aliniambia kwa mstari."

Nikamwambia kwamba mrija unaweza kukatwa, na tupa ninayo mkobani. Nilimwambia pia kwamba nikipitisha, hakuna kurudisha.

"Utajuaje mahali pa kusimama?" akaniuliza.

Ningeweza kumjibu kwamba kidole ni milimita kadhaa, vidole viwili ni kadhaa, kalipa ninayo. "Wewe ndiye utaniambia, mama," nikasema.

Nikachora mrija kwa tupa karibu na ncha, nikaushika kwa vidole gumba, nikaukunja. Tik. Kipande kidogo kikadondoka kwenye leso. Nikarudisha bori. Akavuta.

"Bado."

Tik. Nikalainisha ncha kwa tupa, nikarudisha.

"Bado. Iko mbali."

Nilikata mara sita au saba. Kila mara sauti ilipanda kidogo, ikawa nyepesi kidogo, na kila mara mikono yangu iliniambia hapa ndipo kioo kitakapopasuka kiholela. Chai ikapoa na utando juu. Mzee Adan alikuwa ameacha kutazama mbuzi.

"Inakuja," Mama Hassan akasema. "Kidogo. Kama punje ya mchele."

Punje ya mchele haikatwi kwa tupa, nikaisugua. Nikarudisha bori, akavuta, na maji yakacheka. Sina neno jingine. Kalipa ilikuwa imelala karibu na goti langu, na kwa hesabu yake nilikuwa nimebakiza milimita nne. Nikanyoosha mkono nilitoe bori tena. Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo sikuzitegemea kwa mwili ule.

"Wee! Usiguse. Hapo."

Nikaacha.

Akampa mumewe mpira. "Adan, vuta wewe. Mimi nikivuta sisikii vizuri. Vuta kama yeye, haraka haraka, vile alikuwa hana subira."

Mzee Adan hakuwa mvutaji. Alifuta ncha ya mpira kwa kiganja, akavuta haraka haraka, maji yakaguguma kibarazani, yakakatika, yakaanza tena. Mama Hassan alisogea kwenye mkeka mpaka akakaa karibu na ile sauti, akaigeuzia uso.

"Umekula?" akauliza.

Mzee Adan akautoa mpira mdomoni. Akanitazama mimi, akatazama kiko.

"Nimekula, mama," akasema, akarudisha mpira mdomoni, akaendelea kuvuta.